Pasenti 12, lakini Mto Ng'ombe umehamia Kigamboni: niweke saini?

BARUA YA MSOMAJI

Dada mshauri shikamoo, pole na majukumu. Naomba usinitaje wala usikitaje chuo maana huu mji ni mdogo kuliko watu wanavyofikiri.

Mimi ni mwanaume, nafundisha chuo kimoja hapa Dar. PhD ninayo ila kazini bado mgeni, hata barua ya kuthibitishwa sijapata. Nasimamia wanafunzi wa masta wa jioni, wengi wao ni watu wazima wenye kazi zao, wanafika darasani wamechoka na foleni na wengine wananizidi umri mbali tu. Kuna mama mmoja ni mtumishi wa halmashauri, tukiwa nje ya darasa namwamkia na yeye ananiita mwalimu, tunaheshimiana sana. Ada analipa kwa mkopo wa vikoba na kazini kwake wameshamwambia akileta cheti anapandishwa daraja, kwahiyo hii masta kwake sio urembo.

Utafiti wake ni kuhusu ada za taka majumbani, Kigamboni. Juzi kati kaniletea disertesheni nzima imeshapigwa bainda, ripoti ya Turnitin, ile programu ya kukagua kama kazi imenakiliwa, kaichomeka mbele kabisa, asilimia 12 ya maandishi inafanana na ya wengine. Chuoni kwetu mwisho ni 25. Akaniambia mwalimu nimebakiza saini yako tu iende kwa wasahihishaji.

Nikaanza kusoma. Sura tatu za mwanzo hazina shida, ni kazi ninayoijua, tumevutana nayo muda mrefu. Kufika sura ya nne kiingereza kimebadilika ghafla kimekuwa cha mchumi wa Benki ya Dunia, nikasema haya labda kajitahidi. Mara nakuta wakazi wa Tandale wanalalamika kwamba watu wanatupa taka Mto Ng'ombe. Dada, Tandale! Kigamboni na Tandale wapi na wapi, kuna bahari katikati. Halafu waliohojiwa wamekuwa 150 wakati mimi na yeye tulikubaliana 60.

Nikaenda maktaba kule kwenye shelfu za nyuma zenye vumbi, nikatafuta mpaka nikaipata. Disertesheni ya zamani ya mtu mwingine kabisa, ya Kinondoni, ipo hadikopi tu. Majedwali ni yale yale namba kwa namba, wamebadilisha majina ya kata wakasahau kadhaa. Ndio maana Turnitin haikuona kitu, mle haimo.

Nikamwita. Alikaa kimya kwanza halafu akalia, na mimi mama mtu mzima akilia mbele yangu sijui hata mikono niweke wapi. Akasema data alikusanya mwenyewe kweli ila SPSS, ile programu ya takwimu, ilimshinda, akampa kijana mmoja wa steshenari laki nne amsaidie uchambuzi na kunyoosha kiingereza, na anaapa hakujua kwamba ni kazi ya mtu.

Nimeenda kwa mkuu wa idara, ambaye kiukweli ni mtu mzuri, kanisikiliza nimesimama mlangoni, akauliza asilimia ngapi? Nikamwambia 12. Akasema kuna watu wamepita na 24, sasa wewe unatafuta nini, mahafali hayo yanakuja tusianze kutafutana ubaya.

Wenzangu ofisini wamegawanyika. Mmoja anasema peleka mbele haraka, digrii za nchi hii zinakufa hivi hivi tunaangalia. Mwingine anasema yule mama ana watoto, na nani mji huu hajapita steshenari. Mke wangu anasema weka saini upumzike, wewe mwenyewe hujathibitishwa kazini unataka kupigana na mkuu wako kwa ajili ya nini.

Nikiweka saini roho inanisuta, nikikataa nitakuwa nimemuua huyu mama na mkopo wake na daraja lake. Na hii asilimia 12 nayo maana yake nini kama sio kwamba kazi ni safi? Nisaidie dada, usingizi wenyewe siku hizi wa kuibia ibia.

Supavaiza njia panda, Dar


MAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja kwa sababu ndani yake kuna mambo kama matatu yamefungwa kwenye furushi moja na wewe unalibeba lote kama shida moja, ndio maana ni zito.

Nilivyokuelewa ni hivi. Mwanafunzi unayemheshimu amekuletea kazi ambayo sehemu yake sio yake. Mashine imesema sawa, mkuu wako kasema sawa, nyumbani wamesema sawa, aliyebaki ni wewe na kalamu. Na unahisi ukisema hapana basi hukumu yote ya maisha ya huyu mama umeitoa wewe. Kama sijakosea, tuanze na hiyo asilimia, maana naona imewachanganya wote mpaka na mkuu wako.

Turnitin imeanzia Marekani, kule California, mwaka 1998, na kazi yake ni kulinganisha maandishi. Inalinganisha na kurasa za intaneti, na majarida na vitabu ambavyo wamekubaliana na wachapishaji, na kazi za wanafunzi zilizowahi kupandishwa humo. Basi. Ni mlinzi wa geti mwenye daftari, anamkamata aliyeandikwa mle, ambaye hayumo anampigia saluti. Hadikopi yenye vumbi haimo. Na kule kwenye masomo yanayoandikwa kwa kiswahili mambo ni magumu zaidi, mtu anachukua kazi ya kiingereza anaitafsiri aya kwa aya na namba inatoka ndogo ya kupendeza. Wenye programu wenyewe wanasema ile ni namba ya kufanana, sio ya wizi, kuamua ni kazi ya mwalimu anayesoma. Hata upande wa pili iko hivyo hivyo, mwanafunzi mwaminifu anaweza kupata 30 kwa sababu kanukuu vifungu vya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kaambatanisha dodoso, na orodha ya marejeo ni ndefu. Kuna sehemu ya kuondoa marejeo na nukuu kwenye hesabu, mmoja akiziondoa na mwingine akaziacha, kazi ile ile moja inatoka na asilimia mbili tofauti. Kwahiyo hiyo mwisho 25 ya chuoni kwenu, na mkuu wako asiudhike, ni namba ya kurahisisha kazi ofisini. Imeshazaa biashara yake huko mitaani, watu wanalipwa kushusha pasenti, wanabadilisha neno moja moja kwa visawe mpaka istilahi za fani zinageuka vichekesho na hata mwenye fani haelewi kinachosemwa, ila namba imeshuka na kila mtu anafurahi.

Hapo hapo naomba nikubane kidogo na wewe. Umesema kiingereza kilibadilika ghafla ndio ukashtuka. Sikatai, jicho la mwalimu lina faida yake, lakini hiyo isiwe shahidi wako. Mwaka 2023 watafiti wa chuo kikuu cha Stanford, Marekani, walijaribu zile programu zinazodai kutambua maandishi ya akili mnemba, wakazipa insha za mtihani wa kiingereza wa TOEFL zilizoandikwa na watu ambao kiingereza sio lugha yao, na zaidi ya nusu ya insha hizo zikaitwa kazi ya mashine. Watu wazima wenye akili zao walioandika kwa mkono wao! Sasa kesho atakuja mwanafunzi mwingine na kiingereza kilichonyooka kwa sababu tu shemeji yake kamsomea na kumrekebishia. Ushahidi wako wa kweli ni majedwali na Tandale. Huo unaweza kuuweka mezani na mtu yeyote akauona.

Na mezani nasema kwa makusudi, kwa sababu kuna kitu kwenye barua yako nimekitafuta sijakiona. Mkuu wa idara ulimwonyesha? Yaani ulifungua kurasa mbili ukaziweka pamoja, au ulimweleza kwa mdomo mkiwa mlangoni, akauliza asilimia, ukajibu asilimia? Mtu mwenye mafaili ya watu chungu nzima ukimwambia 12 atasikia 12. Inawezekana anafunika kweli, sijui, lakini inawezekana pia hajawahi kuliona hilo jedwali. Kabla hujamweka kwenye kundi la wanaofumbia macho mpe nafasi ya kuona.

Tuje kwa mama. Hapa kuna makosa mawili yanayofanana kwa mbali ila sio moja. Kuna kuchukua maandishi ya mtu ukayaita yako, na kuna kulipa mtu akuandikie. Yeye anasema la kwanza hakulijua. Inawezekana, yule kijana wa steshenari huenda kampiga na yeye pia, kachukua laki nne kampa kilichokaa kwenye kompyuta yake muda mrefu. Lakini la pili amelikiri mwenyewe hata kama kaliita kusaidiwa. Disertesheni za huku kwetu nyingi zina ule ukurasa wa mwanzoni ambao mwanafunzi anatamka kwamba hii ni kazi yangu mwenyewe, na chini yake kuna aya ya hakimiliki inayotaja sheria ya 1999 na Mkataba wa Berne. Kila mtu anauchukua kwa aliyemtangulia anabadilisha jina tu, yaani mpaka kiapo cha kutokopi kinakopiwa, haha. Sisemi hivyo kumkandamiza. Nasema mzungumze kuhusu huo ukurasa, umuulize alivyouelewa, maana wengi wamekuzwa tangu la kwanza wanakopi ubaoni wanapewa vema, hakuna aliyewaeleza kwamba kuna siku ile ile tabia itaitwa kosa la kufukuzwa chuo.

Jambo kubwa kuliko yote kwangu ni lile la data. Anasema alikusanya mwenyewe. Umeyaona madodoso? Barua ya kibali ya kwenda kwenye kata anayo? Mtu aliyetembea juani Kibada na Vijibweni akigonga milango kuuliza habari za taka hakosi stori, atakwambia nani alimfukuza, nani alidhani ametumwa na manispaa kudai ada, mtaa gani watu wanachimba shimo nyuma ya nyumba wanachoma. Keti naye umsikilize kama mwalimu, sio kama mpelelezi. Kama madodoso yapo, hata yakiwa kwenye mfuko wa rambo yamekunjamana, basi huyu mama ana utafiti, kilichooza ni sura ya nne na yanayotokana nayo. Kama hayapo, hapo unaongelea data za kubuni juu ya kazi ya kunakiliwa, na hilo ni jambo jingine zito zaidi na huruma yako itabidi ipimwe upya. Lakini kwa sasa hujui uko kwenye lipi kati ya hayo mawili, na unataka kuamua saini usiku wa manane. Mbona unajionea.

Na kwa watu 60 nani kamwambia lazima SPSS? Excel inatosha, hata kalamu na daftari na mtoto wa kidato cha nne anayejua asilimia. Kilichomkimbiza steshenari ni woga wa programu ambayo pengine hakuihitaji. Hili liangalie na kwa wanafunzi wako wengine, waambie walete madodoso na majedwali ya mwanzo kabla ya kuandika neno hata moja la sura ya nne, wakae na wewe dakika kumi wakueleze jedwali moja moja. Inachosha na najua mna wanafunzi wengi kupita kiasi, ila hakuna kijana wa steshenari anayeweza kuuza hizo dakika kumi.

Haya, saini. Nikupitishe kwenye njia zako na mashimo yake, kuchagua nakuachia.

Unaweza kuweka. Mama atapita, mkuu atatulia, mkeo atalala. Shida ya disertesheni ni kwamba haifi. Siku hizi vyuo vinapandisha kazi kwenye hifadhi za intaneti, na siku ile ya zamani ya Kinondoni ikiskaniwa hizo kazi mbili zitakutana zenyewe. Ujerumani waziri wa ulinzi Karl-Theodor zu Guttenberg alivuliwa udaktari wake mwaka 2011, watu wa kawaida tu mtandaoni walikaa wakapekua ukurasa kwa ukurasa, akajiuzulu uwaziri Machi mwaka huo huo. Miaka miwili baadae waziri wao wa elimu, Annette Schavan, akavuliwa udaktari aliopewa mwaka 1980. Miaka 33! Huyu mama sio waziri na labda hakuna atakayemfuata, lakini daraja alilopandishwa kwa cheti hicho litakuwa linamkalia vibaya, na ukurasa wa saini una jina lako sio la mkuu wa idara.

Unaweza kumrudishia akaandike upya kimya kimya. Najua hii ndio moyo wako unaitaka, na haina ubaya kama inavyosemwa. Ila inategemea swali moja, je hii kazi ni rasimu bado au imeshawasilishwa rasmi? Kama bado iko mkononi kwa supavaiza, kurudisha kazi mbovu ndio kazi uliyoajiriwa, hujaficha mtu. Kama kwa kanuni za chuoni kwenu kuingiza Turnitin na kupiga bainda ndio kuwasilisha, basi ukinyamaza umejifanya kamati peke yako. Zisome hizo kanuni, kila chuo kina zake. Na jiulize hili bila kujionea aibu, angekuwa kijana wa miaka 25 mwenye kiburi, hajalia, humwamkii, ungemrudishia kimya kimya? Ukijibu ndiyo kwa dhati, endelea kuifikiria. Ukisita, basi kuna heshima na machozi vimeingia kwenye mizani. Shimo lake jingine ni kwamba kijana wa steshenari anabaki na sofkopi yake, na mimi sitashangaa Mto Ng'ombe ukikutwa unapita kwenye disertesheni nyingine mwaka huu huu. Waulize wenzako.

Unaweza kuandika ripoti. Umesema ukikataa utakuwa umemuua huyu mama, lakini kuripoti sio kuhukumu. Kwa utaratibu wa haki inatakiwa mwanafunzi aelezwe kosa lake, apewe nafasi ya kujibu, na watu zaidi ya mmoja waamue, na uamuzi unaweza kuwa kurudia sehemu, kuahirishiwa, au ndiyo, kuondolewa. Siwezi kukuahidi litakuwa lipi na hilo ndilo la kutisha, kamati zipo zenye busara na zipo zinazotafuta mtu wa kumfanyia mfano. Ukiandika, usiandike mwizi wala tapeli, andika ukurasa wa ngapi unafanana na ukurasa wa ngapi, na kwamba mwanafunzi alipoulizwa alisema nini, pamoja na lile la data zake kama umezihakiki. Hapo unakuwa shahidi wa mama pia. Kwa upande wako, mkeo hajakosea hata kidogo, mtu ambaye hajathibitishwa kazini ana cha kupoteza na wanaokwambia peleka mbele haraka hawatakulipia kodi ya nyumba. Anza na mkuu wako huyo huyo kwa barua pepe ya upole, umshukuru kwa kukusikiliza, uambatanishe kurasa, uombe maelekezo yake kwa maandishi. Mtu akiombwa maelekezo kwa maandishi huwa anasoma. Akikaa kimya bado kuna ofisi ya masomo ya uzamili, ila hapo ndio upime mbavu zako.

Na unaweza kujitoa, ukaomba apewe supavaiza mwingine. Mikono yako itakuwa safi kwa kiasi fulani, ila yule mwingine ataona 12 na ataweka saini kabla chai haijapoa, na mama hatakuwa amesaidiwa na yeyote. Wapo wanaochagua hivyo na siwalaumu, kila mtu ana nyumba yake.

Kuhusu yule anayesema nani hajapita steshenari, mwambie kupita kutoa kopi ni kitu kimoja, kununua sura nzima ni kingine. Kule England tangu 2022 kuna sheria inayofanya kuuzia wanafunzi kazi za kitaaluma kuwa kosa la jinai, na inamlenga muuzaji, sio mwanafunzi. Nimeipenda hiyo, maana kwenye kisa chako watu wote tunamjadili mama na wewe, na yule aliyepokea laki nne yupo dukani kwake anatoa kopi za vyeti.

Kuna mmoja pia hajatajwa na yeyote, aliyefanya utafiti wa Kinondoni. Sijui yuko wapi, inawezekana yuko ofisi fulani hapa hapa mjini, alitembea Tandale nzima kwa miguu yake kupata hizo namba. Simtaji ili kukuongezea mzigo. Ukiwa unaongea na mama mtaje tu na yeye, aone kwamba zile namba zilikuwa na mwenyewe, nadhani mazungumzo yatakwenda tofauti na yale ya kwanza ya kulia.

Basi mdogo wangu, wiki hii fanya madogo tu, madodoso, kanuni, barua pepe, saini ikusubiri haina miguu. Ukipata majibu ya mama kuhusu data niandikie tena tuangalie kilichobaki. Na ile disertesheni ya zamani ipige picha kurasa zote zinazohusika kabla hujairudisha shelfu, hadikopi huwa zina tabia ya kupotea zikianza kuulizwa.